Siku "Agencia" Iliponitoa Jasho

Niliingia darasani na karatasi 28, bado zina joto la mashine. Juu ya kila moja nilikuwa nimeandika kwa Kihispania, kwa herufi kubwa: Identidad, poder y agencia, nikikusudia utambulisho, mamlaka na uwezo wa mtu kujiamulia. Nilikesha nikizitafsiri kutoka Kiingereza, na asubuhi nikajiona fundi kwelikweli. Wanafunzi walikuwa vijana wa miaka 14 na 15, Kihispania wamekinyonya na maziwa ya mama. Mimi nilikisoma ukubwani. Hapo tu ningepaswa kushtuka.

Sehemu ya utambulisho ilikwenda vizuri. Kila mmoja alichora duara, jina lake katikati, kisha mistari inayotoka pande zote kama miali ya jua, na kwenye kila mstari neno moja la kumweleza. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake, aliandika "estoy callado". Nikainama kumsahihisha: tunasema mtu alivyo, kwa hiyo ni "soy callado". Akatikisa kichwa.

"No, profe (mwalimu). Estoy."

Ilinichukua muda kumwelewa. Hakuwa anasema yeye ni mkimya. Alikuwa anasema yuko kimya, hapa, kwenye chumba hiki. Tofauti hiyo hata Kiswahili tunayo, tena mimi ndiye mwalimu. Nikafuta alama yangu nyekundu kwa kidole, ikabaki doa.

Tukafika kwenye agencia.

"Profe, agencia ya nini? Ya safari?" aliuliza msichana wa mstari wa mbele.

"Ya bima," akadakia jirani yake, na darasa zima likaangua kicheko.

Nilijitetea. Nikasema wanazuoni wanalitumia neno hilo kwa maana ya mtu kuamua na kutenda kwa hiari yake. Ni kweli wanalitumia. Lakini mwambie kijana wa Kiswahili kwamba ana "uwakala" uone kama hatakuuliza ni wa kampuni gani. Nikakimbilia kamusi ya Real Academia Española, baraza linalokisimamia Kihispania tangu 1713, nikitumaini itaniokoa. Maana za juu kabisa zilikuwa bidii, kazi ya wakala, makampuni. Nikasoma kwa sauti, nikizidi kuzama.

"Kwani hao wa 1713 ndio wenye poder?" msichana yule akauliza.

Poder kwa Kihispania ni mamlaka, ikitanguliwa na el, na papo hapo, bila el, ni kitenzi: kuweza. Nilikuwa nimepanga kulieleza jambo hilo dakika ya 40, kwa mchoro. Mchoro haukuhitajika tena. Alikuwa ameshasimama, amechukua kalamu ubaoni bila kuomba, na amelikata neno langu kwa mstari mmoja mrefu.

"Tuandike nini?"

Wakapendekeza voluntad, utashi. Mwingine akasema hilo ni la kanisani. Decisión, uamuzi, ikakataliwa kwa kuwa ni kitu kimoja kinachokwisha. Walibishana kama wazee wa baraza, nami nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha mwanafunzi aliyekosekana siku hiyo. Hatimaye mtu akatamka "poder decidir", kuweza kuamua, na kelele zikashuka.

"Lakini poder iko tayari kwenye kichwa cha habari," nilisema, nikidhani nimepata kosa.

"Ile ni el poder, profe. Hii haina el."

Aliyejibu ni yule wa nyuma.

Msichana akaliandika, akaturuhusu tulinakili, kisha akanirudishia kalamu. Kabla hajaketi akaiokota karatasi yangu, akaweka kidole kwenye swali la tatu, Quien decide por ti? (Nani anakuamulia?)

"Hapa quién inataka alama juu ya e. Na alama ya kuuliza ya mwanzo, iliyopinduliwa, haipo."

Nikaziongeza kwa mkono, karatasi zote 28.