Nilivyopata maoni ya wafanyakazi kuhusu jengo jipya la shule

Kikao cha kwanza kimya kabisa, wanaongea wawili tu na mkuu, wengine wanachezea simu. Fomu nazo zikarudi zimeandikwa "madarasa makubwa" basi. Nikaachana nazo, nikabandika ramani ukutani ofisi ya walimu wiki nzima, pembeni kalamu na vikaratasi vya kunata, jina hatutaki. Swali pia nikabadilisha, badala ya "mnataka nini" nikauliza "jengo la sasa linakukwaza wapi kila siku?" Weee, ukuta ukajaa! Mpishi, mlinzi, wote wakaandika, tena mtu wa usafi ndo aliona kwenye ramani ghorofani hakuna bomba wala stoo ya ndoo, kitu msanifu hakuwaza kabisa. Tukampelekea vyote, akarekebisha kabla hajachora ramani ya mwisho.