Leo ni Alhamisi

Siku tisa sasa nimekaa na maneno matatu. Nayasikia nikiosha vyombo, nayasikia nikijaza mafuta, na jana yalinijia katikati ya sala ya kuombea chakula. Leo ni Alhamisi. Hayo tu.

Mama Alhamisi mnamjua, mjane wangu wa Kiamishi, wale Wakristo wa hapa Lancaster, Pennsylvania, wanaoishi kwa desturi za kale, ninayempeleka Philadelphia kila Alhamisi pamoja na mabinti wawili wa mpwa wake. Ninawachukua saa kumi alfajiri, mikate na pai za molasi bado zina joto ndani ya masanduku, gari zima linanukia hadi tufike soko la Reading Terminal Market. Waamishi hawamiliki gari wala hawaendeshi, lakini kupanda la mtu mwingine wanaruhusiwa, na hiyo ndiyo riziki yangu tangu nilipoacha kazi ya kulea wazee.

Alhamisi ya wiki iliyopita tulikuwa tunarudi, foleni ya barabara kuu ya Schuylkill imeganda, mabinti wamelala nyuma. Jumapili iliyotangulia shemasi alikuwa ametangaza ndoa ya Mama Alhamisi kanisani. Kabla ya hapo hakunidokeza hata neno, maana kwao uchumba ni siri mpaka siku ya kutangazwa. Nikamwuliza lililokuwa moyoni: "Mama, una watoto tisa, wajukuu mpaka majina unayachanganya, una kibanda chako sokoni. Mume tena wa nini?"

Nilimwuliza kwa upendo, naomba mniamini. Akakaa kimya mpaka tukasogea magari mawili matatu. Halafu akasema:

"Wewe ukichelewa leo, nani atajua?"

"Watoto wangu wananipigia kila Jumapili."

"Leo ni Alhamisi."

Wala hakusema kwa ukali. Gauni zao hazina vifungo, hufungwa kwa pini, na pini moja ilikuwa imelegea kwenye aproni yake. Alikuwa anaitengeneza kwa mikono ile iliyopasuka kwa unga, pini nyingine ameibana midomoni, ndiyo maana maneno yalitoka kidogo kidogo, pembeni ya mdomo. Akaichomeka, akailaza vizuri kwa kidole gumba, akageuka kutazama dirishani. Kwake mazungumzo yalikuwa yameisha.

Tangu hapo nimemjibu mara mia. Nimemjibu kwamba majirani watajua. Majirani gani? Yule wa kulia simjui hata sura. Nimemjibu kwamba Mungu anajua, na ni kweli, naye angekubali, kisha angerudia swali lilelile kwa upole uleule. Juzi usiku nilikaa kitandani nikasema kwa sauti, "Mimi nimezoea," nikasikia sauti yangu ilivyotoka, nikazima taa.

Angekuwa mwingine nisingejali. Huku watu wengi huuliza bila kusubiri jibu. Ila huyu mama na mimi tumetoka mbali. Siku ya kwanza aliponiuliza naabudu wapi, nikamwambia nimebatizwa Kanisa la Mennonite, Mara, alishika dashibodi kwa mikono miwili. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite walitoka Lancaster hii hii wakaenda kuanza kazi Shirati, na bibi yangu alikuwa mmoja wa watoto waliofundishwa kusoma nao. Waamishi na Wamennonite ni ukoo mmoja uliogawanyika mwaka 1693, wakati Jakob Ammann alipotaka waliotengwa na kanisa watengwe hata mezani. Kwa hiyo mbele ya Mama Alhamisi mimi ni mgeni nusu tu. Wao humwita kila asiye wao "Mwingereza", hata Mjita wa Musoma kama mimi, na yeye aliniambia mwaka jana kwamba ameacha kuniita hivyo. Neno la mtu wa namna hiyo haliwi la kupita.

Tena nilikuwepo wakati wa msiba wake. Nilimwona mwaka mzima akivaa nyeusi, maana kwao mume akifa ndivyo inavyokuwa, na nilikuwepo Alhamisi aliyoingia garini na gauni la zambarau. Nilijua kila kitu wala sikusema kitu, nikawasha gari tu. Ilikuwa mwezi uleule aliopanga kile kibanda. Alikuwa akiishi kwenye nyumba ndogo iliyounganishwa na ya mwanawe, wanawe wamemwambia apumzike, naye akawajibu kwamba ameshapumzika mwaka mzima na imemtosha. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimenunua gari. Tuliinuka pamoja, yeye na unga wake, mimi na usukani wangu. Nilidhani tumefika pamoja pia.

Marehemu mume wangu, kwa wale mliomsoma hapa zamani, alikuwa hali mpaka nirudi. Nikiwa zamu ya usiku anakaa kibarazani na kandambili zake, gazeti lilelile la asubuhi mkononi, chakula kimepoa mezani. Nilikuwa namgombeza. Miaka sita sasa nakula saa ninayotaka.

Wiki hii mjukuu wa tatu amezaliwa Dallas, wa kike, salama, na Jumanne Mama Alhamisi ameolewa, ibada iliyochukua muda wa saa tatu na nyimbo za Kijerumani cha kale zinazovutwa polepole bila kinanda, kisha kuku aliyechanganywa na mkate, seleri ya kupikwa na maziwa, watu wachache kwa kipimo chao, maana ndoa ya mjane na mgane haifanywi kwa kishindo. Pete hawavishani. Nilikaa upande wa wanawake, nikalia kidogo, nikarudi nyumbani.

Sasa hii Alhamisi iliyopita. Siku mbili tu tangu harusi na mama yuko barazani saa kumi alfajiri na masanduku yake, ila safari hii baraza ni la mzee aliyemuoa, shamba la tatu baada ya daraja. Jioni ikatokea ajali mbele yetu, tukakaa barabarani kwa muda wa karibu saa mbili. Hakuna aliyeongea. Nilikuwa naogopa asije akauliza tena, na nilikuwa natamani aulize.

Tulipoacha barabara kuu giza limeshaingia. Pale njia ya shamba inapoanza nikaona taa, ile ya betri, chini chini, usawa wa goti. Mzee alikuwa amesimama kwenye baridi, kofia kichwani, ndevu zimeloa umande. Hakuuliza kulikoni. Alifungua mlango wa nyuma, akaanza kuteremsha masanduku matupu, na mama akamwambia neno moja kwa lugha yao, mzee akacheka. Walipoanza kuondoka alimulika chini, mbele ya miguu ya mama. Yeye mwenyewe alitembea gizani.

Nilifika kwangu, nikawasha taa ya jikoni, nikala ugali wa jana nimesimama.

Ijumaa Papa Uvira akagonga. Yule wa jengo la mbele, mwenye sauti ya besi kanisani, niliyewaandikia habari zake wakati wa kilio cha mkewe. Ameletewa samaki wakavu na kijana wake, kanifungia kiasi kwenye gazeti. Nikampokea, nikamshukuru, akageuka aende. Akiwa kwenye ngazi ya pili akasema, bila kunitazama, "Jana ulikawia sana, mama. Taa yako iliwaka karibu saa tatu."

Nilisimama na kile kifurushi. Nilimwuliza samaki hawa ni wa kukaanga au wa mchuzi. Akaniambia wa mchuzi, niweke nyanya nyingi, akashuka.

Nimewapika leo. Nyanya nyingi. Nimepika sufuria kubwa kuliko ninayohitaji, na bakuli lenye mfuniko nimeshaliosha, liko hapa mezani ninapoandika. Mwili mzima mwepesi, kama msichana aliyeitwa jina lake mbele ya darasa. Umri huu! Kesho baada ya ibada, au labda kabla, sijui.

Ila gari linalia. Gurudumu la mbele kulia, nikikata kona ya kushoto, mlio kama wa jiwe kwenye kinu. Fundi anasema ni beringi na kwamba ukaguzi wa mwaka halitapita hivi, na hawezi kuliangalia kabla ya Jumatano mchana. Alhamisi saa kumi alfajiri lazima niwe njiani.