Siku kumi na saba baada ya usaili

Nilipotoka kwenye usaili nilisimama kivulini karibu na stesheni ya reli ya Kigoma, miguu ikaanza kutetemeka. Mle ndani haikutetemeka hata kidogo.

Nafasi ilikuwa ya mhasibu msaidizi, kampuni moja hapa mjini. Nilijibu vizuri mpaka mama mmoja kwenye jopo aliponiuliza: hundi umeshaiandika, uliyempa hajaipeleka benki, kwenye usuluhisho wa kibenki, yaani kulinganisha salio la vitabu vyako na la benki, utaifanyaje? Nikasema naijumlisha kwenye salio la taarifa ya benki. Inatolewa! Naijua tangu chuo. Mama wa watu akaandika kitu, akaendelea na swali lingine.

Usiku ule nililala na ile hundi. Saa tisa niko macho, natunga jibu sahihi la kumpa nani sijui. Siku tatu hivyo. Chakula hakipiti. Simu ikilia moyo unaruka, kumbe ujumbe wa kifurushi.

Siku ya nne mama mdogo, anayeanika dagaa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, alinipigia. Usaili hakuugusa. "Mwanangu, kesho alfajiri njoo unisaidie, peke yangu siwezi."

Mitumbwi ilifika kabla jua halijatoka, taa bado zinawaka. Dagaa wabichi unawamwaga, unawatandaza kwa kiganja wasirundikane, maana waliorundikana wanaoza chini wakati juu wamekauka. Jua likipanda unawageuza. Mikono ikishika kazi hiyo, kichwa nacho kinatulia. Simu alikaa nayo mama mdogo, ananirudishia saa nane mchana. Siku ya kwanza niliona kama ananitesa. Siku ya tatu nilisahau kuiomba.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni daftari. Niliandika maswali yote niliyoulizwa na nilivyojibu, mara moja tu. Yalikuwa manane. Sita nimejibu sawasawa, moja nusu, moja nimekosea. Kichwani ile hundi ilikuwa imejaza chumba kizima. Kwenye karatasi ilikuwa mstari mmoja. Chini yake nikaandika jibu sahihi, nikafunga daftari. Likinirudia usiku, najiambia: limeshaandikwa.

Ikaja mbalamwezi. Hapa kwetu mwezi ukiwaka sana dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hubaki nchi kavu. Wakakaa mchangani wanashona nyavu. Siku hizo nami nikatuma maombi ya kazi sehemu nyingine mbili, jambo nililopaswa kulifanya kesho yake tu baada ya usaili. Kungojea jibu moja ndiko kulikokuwa kunanimaliza.

Jopo lilisema wiki mbili. Zilipopita nikatuma ujumbe mfupi: "Habari za kazi. Nilifanya usaili wa mhasibu msaidizi, naomba kufahamu hatua iliyofikiwa. Asante." Kuuliza kwa adabu si usumbufu, na ningejua hivyo mapema ningelala.

Siku ya kumi na saba wakapiga. Nimekosa. Iliniuma, koo likakauka. Nikajikaza nikamuuliza yule dada wa simu nilipungukiwa wapi. Akasema walimpata mwenye uzoefu wa programu yao ya hesabu. Hundi hakuitaja kabisa.

Nilirudisha simu kwa mama mdogo. Mitumbwi ilikuwa imeanza tena kutoka usiku, na dagaa wa asubuhi ile walikuwa wameshakauka upande wa juu, wanangoja kugeuzwa.