Makala mbichi zilivyoniumbua mara mbili, na ninavyozitaja sasa

Nina duka la steshenari Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za maombi ya kazi, na saa za jua kali wateja wakikatika nahariri Wikipedia ya Kiswahili. Silipwi hata senti. Mke wangu ameshauliza faida yake mara nyingi na jibu langu halijawahi kumridhisha. Naandika haya kwa kuwa majuzi nimewasikia tena watu wazima wakipeana ushauri mbovu juu ya jambo lililoniumbua mie mara mbili, nikaona nikinyamaza nitapasuka.

Jambo lenyewe ni priprinti. Mtafiti akimaliza kazi yake huituma kwenye jarida. Huko wataalamu wenzake wanaipekua, wanahoji, wanamrudishia arekebishe, na mambo hayo yanaweza kula miezi, hata mwaka na zaidi. Priprinti ni kazi hiyohiyo ikiwekwa hadharani kabla haijapekuliwa. Wanafizikia na wanahisabati huziweka kwenye tovuti ya arXiv, aliyoianzisha Paul Ginsparg mwaka 1991. Wanabiolojia wana bioRxiv tangu 2013, na watu wa tiba wana medRxiv tangu 2019. Dukani kwangu tunaziita makala mbichi, na jina limeshika.

Nilipoanza, binamu yangu mwenye digrii yake aliniambia hivi: "Linki ni linki. We weka tu, nani atafungua?" Nikamwamini, maana mwenye digrii ni yeye.

Ijumaa ya tarehe 31 Januari 2020 iliwekwa bioRxiv makala iliyodai kwamba kirusi kipya cha korona kina vipande vinavyofanana na vya Virusi vya Ukimwi, na kwamba mfanano huo si wa bahati tu. Mie niliiona Jumamosi asubuhi. Wakati ule dunia nzima ilikuwa roho juu, nami nikajiona nimeokota lulu ufukweni. Nikaunga bando, la elfu mbili nadhani, nikafunga mlango nusu ili nisisumbuliwe, nikatunga aya ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto. Ilianza na neno "Watafiti wamegundua". Nikaweka na linki. Linki ni linki.

Kama ningeishia hapo, aibu ingebaki ya ndani. Lakini nilimsomea mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema nimprintie nakala tano awapelekee wenzake barazani. Shilingi mia mia. Nikampa, nikapokea mia tano yake, nikajiona mwandishi.

Jumapili waandishi wa ile makala wakaiondoa wenyewe. Wanasayansi walikuwa wamewaonyesha kwamba vile vipande ni vifupi mno, unavikuta kwa viumbe chungu nzima, havithibitishi lolote. Siku mbili tu! Jumatatu mzee akarudi na zile karatasi tano, moja ina doa la kahawa. Mjukuu wake alikuwa amemsomea habari kwenye simu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwanangu," akasema, "umeniuzia uongo kwa mia mia. Nirudishie." Nikamrudishia. Nilipoingia Wikipedia kufuta, nikakuta mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, ameshatengua hariri yangu na kuacha maneno machache kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Sitayarudia hapa. Yalikuwa ya adabu, na ya kweli.

Kosa langu siku ile halikuwa linki peke yake, lilikuwa pia lile "wamegundua". Makala mbichi haigundui, inadai. Ukilazimika kuitaja, sentensi yenyewe iseme kwamba ni makala ambayo haijapitiwa na wataalamu wengine, mwaka fulani. Usimwachie msomaji akatafute habari hiyo kwenye tanbihi, hatakwenda. Na likiwa jambo la afya, usiitaje kabisa. Hapo sibishani na mtu. Iliwahi kuwekwa priprinti iliyosifia ivermektini kwa korona, Novemba 2020, kwenye tovuti nyingine ya priprinti, Research Square. Julai 2021 ikaondolewa kwa mashaka juu ya data zake, na katikati hapo watu walikuwa wameshaitaja kila pembe. Ivermektini sisi Tanga tunaijua, ni dawa ya kampeni za matende na mabusha, kwa hiyo watu walivyokuja kuniuliza ningeweza kuwapoteza wengi. Safari hiyo nilikuwa nimeshaungua, nikapuliza hadi mtindi.

Mara ya pili niliumbuliwa na kijana wa kidato cha sita.

Nilikuwa naandika kuhusu nyutrino, zile chembe zinazopita kwenye mwamba kama mwamba haupo. Mwaka 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walipima nyutrino zilizorushwa kutoka maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia. Ni kilomita 730 hivi, karibu mara mbili ya Tanga kwenda Dar. Wakaona zinafika nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni, lakini kushinda mwanga hata kwa kiasi hicho ni kumpindua Einstein, aliyesema hakuna kinachoushinda. Wakaweka makala yao arXiv, Septemba 2011, wakiomba wenzao wasaidie kutafuta kosa. Kosa likaja kupatikana: pamoja na hitilafu ya saa, kuna kebo ya mwanga ambayo haikukazwa sawasawa. Mambo ya fundi umeme kabisa.

Mie niliandika kisa chote vizuri, safari hii bila "wamegundua". Nikasema makala ya kwanza ilidai nanosekunde 60, nikaweka namba ya arXiv, 1109.4897, nikalala usingizi mnono.

Baada ya wiki kadhaa kijana akaja kuprinti notsi. "Shikamoo ami. Ile makala ya nyutrino ni wewe?" Nikavimba kidogo, nikakubali. "Umeandika 60. Nimefungua linki yako, inasema 6.5."

Nikamwambia hajui kusoma Kiingereza cha kisayansi. Nimekiri, msinicheke. Akanigeuzia simu. Kweli: 6.5, na hata hizo zimo ndani ya kiasi cha makosa ya upimaji, yaani nyutrino hazikumshinda mtu. Ukurasa uleule, namba ileile, kichwa cha makala kilekile, hitimisho limepinduka chini juu.

Wateja watatu wakasubiri, mmoja akaondoka, mie na yule kijana tumeinamia simu moja. Yeye ndiye aliyeona kwamba chini ya ukurasa kuna orodha ya matoleo: v1, v2 na kuendelea. Ukiweka namba tupu, arXiv inamfungulia msomaji toleo la mwisho. La mwisho ni la 2012, lililokwisha kusahihishwa. Nilichosoma mie ni v1. Ilitakiwa niandike 1109.4897v1 basi, herufi moja na tarakimu moja, na aibu yote ingeniepuka. Tangu siku hiyo siweki namba ya priprinti bila toleo nililolisoma mwenyewe. bioRxiv nako mambo ni hayohayo, toleo linakaa mwishoni mwa anwani.

Katika kuinamia simu siku ile ndipo nilipogundua (hapa neno ni halali) kitu ninachokipenda kuliko vyote. Zile namba zinasema. 1109 ni mwaka 11, mwezi wa 9: Septemba 2011. Ile makala ya korona ya bioRxiv, doi yake, yaani namba yake ya kudumu ya utambulisho, ina 2020.01.30 ndani yake, tarehe kavu kavu, siku moja kabla haijawekwa hadharani. Ukiwa pale Deep Sea humuulizi muuzaji samaki kalala siku ngapi, unamfunua mashavu. Sasa mtu akiniletea "utafiti mpya kabisa" naangalia namba kwanza. Nimeshawanyamazisha wawili hivyo, mmoja wao ni binamu.

Ila doi nazo zina mtego. Za bioRxiv nilizozoea huanza na 10.1101, nami kwa ujuaji nikatangaza kwamba kila 10.1101 ni mbichi. Si kweli. Watu wa maabara ya Cold Spring Harbor waliokuwa wakiiendesha bioRxiv wana majarida yao pia, kwa mfano Genome Research, na makala zake zilizopitiwa barabara nazo zina 10.1101. Nilifuta tanbihi nzuri ya mwenzangu kwa sababu hiyo, nikaenda kumwomba radhi kwenye ukurasa wake.

Baada ya kuumbuka huko kote nikapewa ushauri wa pili, safari hii na mhariri mkongwe: ukiona priprinti futa, ziwe zote sawa. Ni ushauri wa mtu mvivu, uwe wa mkongwe usiwe. Kanuni ya Wikipedia ya Kiingereza, ninayoifuata hata nikihariri Kiswahili, inazihesabu kama kazi iliyochapishwa na mwenyewe: kwa kawaida si chanzo cha kutegemewa, lakini mlango mdogo upo pale mwandishi anapokuwa mtaalamu ambaye kazi zake katika fani hiyo zimeshachapishwa na wengine. Nilimuuliza yule mkongwe, na mwanahisabati Grigori Perelman je? Aliweka uthibitisho wake wa dhana ya Poincaré, fumbo maarufu la hisabati, arXiv, kuanzia Novemba 2002, kisha sehemu mbili nyingine 2003, na hakuupeleka jarida lolote. Wenzake waliupekua kwa miaka, wakaukuta umesimama. Wakampa Medali ya Fields 2006 akaikataa, wakampa dola milioni moja 2010 akazikataa. Ukifuta priprinti utaandikaje habari zake? Unaitaja, math/0211159, na pembeni yake unataja kazi za wale waliouhakiki. Mkongwe hakunijibu.

Kazi iliyobaki ni ya kumtafuta dada. Dada ndiye makala ileile baada ya kupita jarida. Ukimpata, tanbihi ni ya kwake: jina la jarida, mwaka, doi yake. Ile mbichi haitupwi. Namba yake ya arXiv inawekwa ndani ya kigezo (fomu ya kujazia tanbihi) hichohicho cha jarida, kama mlango wa bure. Majarida mengi yanataka dola thelathini na kitu kwa makala moja, hela ambayo hapa Tanga huitoi kwa ajili ya kurasa kumi na mbili, kwa hiyo msomaji wangu apite uani. Lakini kabla hujaunga viwili hivyo, linganisha namba. Mara nyingine mbichi ina hesabu moja na iliyoiva ina nyingine, nawe umenukuu ya mbichi huku unamtaja dada.

bioRxiv mara nyingi huandika yenyewe chini ya kichwa kwamba makala imeshachapishwa wapi, lakini inaweza kuchelewa. arXiv huwa na mstari wa rejeo la jarida iwapo mwandishi kajaza, na wengi hawajazi. Kutafuta kwa kichwa cha habari hunikwamisha, vichwa vinabadilika wakishapekuliwa. Mie natafuta jina la mwandishi wa mwisho, kwa kuwa mara nyingi wa kwanza huwa mwanafunzi na wa mwisho huwa mwenye maabara, pamoja na neno moja la ajabu lililomo ndani: jina la kijiji, la mto, la aina ya mbu. Niliwahi kumpata dada aliyebadili hadi mpangilio wa waandishi kwa kuandika jina moja na "Muheza" tu. Dakika mbili. Nilimwita mke wangu aje aone, akaja, akatazama, akauliza wino wa printa nimenunua.

Yule kijana sasa yuko chuo na akirudi likizo hupita dukani. Wiki iliyopita kafungua makala yangu nyingine, kakuta nimetaja mbichi ambayo dada yake ana zaidi ya mwaka mjini. "Ami, hii umeisahau." Nilikuwa nimeisahau kweli. Nikamwambia kiti hicho, kompyuta hiyo, badilisha mwenyewe. Akabadilisha, akaaga. Nilipopitia jioni nikakuta kaweka mwaka wa priprinti kwenye sehemu ya mwaka wa jarida. Sijamrekebishia. Kesho anakuja kuprinti.