Kidonge chako cha sukari kinaitwaje?

Kaa benchi la kliniki ya sukari huku kwetu Mtwara halafu muulize aliye pembeni yako anatumia dawa gani. Atakwambia "zile nyeupe kubwa", mwingine atadakia "mie wananipa na kale kadogo ka asubuhi", basi stori imeishia hapo. Ukigeuza ile bahasha ya dawa unakuta mwandiko wa haraka haraka, 1x2, jina lenyewe nusu limefutika kwa jasho la mkono, na mtu anakaa nayo hivyo hivyo mwezi mzima. Mimi sio daktari, ni mtoto wa mgonjwa na mpwa wa mgonjwa, ila kwa kufuatana nao kliniki nimeelewa jambo moja ambalo naona wengi wanalipita juu juu: vidonge vya sukari havifanani tabia hata kama rangi ni ile ile. Kuna ambavyo vinaweza kukushusha sukari mpaka ukaanguka, na kuna ambavyo ukivitumia peke yake ni nadra sana kukufanyia hivyo. Nazungumzia sukari aina ya pili hapa, sio ile ya kuchoma sindano toka utotoni.

Ile kubwa ni metformini, na ndo wengi wanaanzishiwa. Inapunguza sukari ambayo ini linamwaga kwenye damu na inausaidia mwili kuitumia vizuri insulini (ile homoni ya kushusha sukari) ulokuwa nayo, hailazimishi kongosho, kiungo kinachoitengeneza, kutoa nyingine, ndo maana ikiwa peke yake haikushushi hovyo. Ugomvi wake ni tumbo. Mama alivyoanzishwa alikuwa anaimeza alfajiri na chai ya rangi tupu, basi asubuhi nzima ni chooni na kichefuchefu na mdomo una ladha ya chuma, baada ya muda nikaona vidonge haviishi. Kumbe anavifunga kwenye pindo la kanga, akitoka nje anavitupa. Namuuliza, ananijibu "mwanangu, hii dawa inanimaliza kuliko ugonjwa wenyewe". Sasa hapo utamgombeza mama yako? Tulirudi kliniki tukasema ukweli wote, na daktari wala hakushangaa, akamrudisha chini kabisa, kidonge kimoja cha miligramu 500 jioni pamoja na chakula, akizoea wanampandisha taratibu. Pamoja na chakula maana yake ugali upo kwenye sahani na unakula, sio umeze saa kumi na moja chakula kije saa mbili. Tumbo likatulia. Kuna na metformini nyingine ya kutoka polepole, ukipewa hiyo usiiponde wala kuitafuna, na ukiona kitu kama ganda la kidonge chooni usishtuke, dawa imeshatoka, hilo ni ganda tu.

Metformini inatolewa mwilini na figo, kwa hiyo figo zikiwa zimechoka sana wanaipunguza au wanaiacha kabisa, na ndo sababu kile kipimo cha figo cha kila mwaka sio cha kukwepa eti foleni ndefu. Na ukiitumia miaka mingi inaweza kukupunguzia vitamini B12. Miguu ikianza ganzi au kuchomachoma kila mtu anasema "sukari hiyo", inawezekana kweli ni sukari, lakini taja na hili daktari alijue.

Sasa kale kadogo. Mara nyingi ni glibenklamaidi, wengine wanapewa gliklazaidi au glimepiraidi, ni ukoo mmoja. Hizi zinaikamua kongosho itoe insulini, na tatizo lake haziulizi kama umekula au hujala. Umemeza, insulini inatoka, chakula hakipo, sukari inashuka. Huku kwetu tumefundishwa kuogopa sukari kupanda, mtu akipima akakuta 14 (milimoli kwa lita, namba zote hapa ni hizo) anahangaika kweli, lakini huyo huyo akikuta 3 anasema afadhali leo nipo vizuri. Hauko vizuri! Ikiwa chini ya 3.9 unatakiwa ule kitu chenye sukari muda huo huo, usisubiri mpaka ufike nyumbani.

Mjomba yangu yupo Tandahimba, ana mikorosho, na msimu ukianza huwezi kumzuia kwenda shamba. Siku hiyo kameza kale kadogo kabla hakujapambazuka, kasema muhogo atachemshiwa kule kule, muhogo ukachelewa maana kuni zilikuwa mbichi, yeye anaokota tu. Kwenye saa nne jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, mikono inatetemeka, akaanza kuwatukana vijana, na mjomba sio mtu wa matusi kabisa. Vijana wanacheka, "leo mzee kaanza na uraka mapema", ile pombe ya mabibo. Mjomba pombe hajawahi kuonja! Bahati mke wake alikuwepo, akajua hiki sio cha kawaida, akachukua sukari ya chai akakoroga kwenye kikombe cha maji akamnywesha, na baada ya dakika chache mtu anauliza kwani kuna nini mbona mnanitazama. Fikiria angekuwa na vijana wale peke yao, wangemlaza chini ya mkorosho "alale pombe zimtoke" na tusingekuwa na mjomba leo.

Kwa hiyo mtu wa sukari akianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuongea asichokijua, usianze kumnusa mdomo. Mpe sukari vijiko vitatu mpaka vinne vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (sio ile isiyo na sukari jamani, hiyo haisaidii kitu), subiri dakika 15 upime, kama bado iko chini rudia, ikipanda ale chakula kamili. Korosho hazifai hapo hata kama zimejaa gunia, zina mafuta mengi, sukari yake inachelewa kufika. Akiwa amezimia usimmiminie kitu chochote mdomoni, atapaliwa, kimbiza hospitali. Na hata akizinduka mpeleke, kwa sababu hizi dawa, hasa glibenklamaidi, zinakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena baadae, kwa wazee na wenye matatizo ya figo ndo mbaya zaidi. Mjomba walimbadilishia, sasa anatumia nyingine ya ukoo ule ule ila isiyokaa sana, na sharti ni moja, sahani mbele ndo kidonge kinatoka mfukoni. Mfukoni humo humo kuna na glukosi.

Uraka nao niuseme maana msimu wa mabibo kila nyumba inanukia. Pombe ukiwa na njaa inalizuia ini kutoa sukari yake ya akiba, ukichanganya na kale kadogo unajiandalia kuanguka, halafu watu watasema kalewa. Ukiwa unatumia metformini na unakunywa sana, hasa gongo, kuna hatari ya tindikali kujaa kwenye damu, haitokei kila siku lakini ikitokea ni mbaya.

Ukiumwa ukawa unatapika au unaharisha mpaka unaishiwa maji, usiendelee kumeza kila kitu kwa mazoea. Piga simu au nenda ulipopewa dawa, mara nyingi metformini inasimamishwa mpaka ukae sawa, na kale kadogo bila chakula unajua tayari. Na ukienda duka la dawa kununua ya ugonjwa mwingine, sema "natumia dawa ya sukari fulani" kabla hujatoa hela. Septrini inaweza kuongeza nguvu ya kale kadogo ikakushusha, kwinini nayo inashusha, prednisoloni inapandisha. Dada wa dukani hawezi kuotea. Mlonge na yale majani ya stendi sina ugomvi nayo sana, ila kama kweli yanashusha kama wanavyosema basi yanashusha juu ya dawa uliyomeza tayari, na anayekwambia utupe vidonge utumie chupa yake, huyo mkimbie.

Umesahau dozi? Ukikumbuka muda mfupi baadae na unakula, meza. Ukikaribia dozi nyingine, achana na ile, usimeze mbili kufidia. Dawa zisikae juu ya kabati karibu na bati wala jikoni, joto la huku unalijua. Mama nilimnunulia kopo lenye mfuniko, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito METFORMINI, UGALI KWANZA, na bahasha kila mwezi naipiga picha, siku akiugua ghafla daktari yeyote naonyesha simu.

Kimebaki kitu cha Ramadhani, na huku kusini hii ni kubwa. Kupima sukari kwa tone la damu kidoleni masheikh wengi wanasema hakufunguzi, kwa hiyo pima. Dozi za metformini zinahamishiwa futari na daku, dozi ya daku ya kale kadogo mara nyingi wanaipunguza, lakini hayo anapanga daktari wako na unaenda mapema kabla mwezi haujaandama, sio usiku wa kuamkia mfungo. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 unafungua, hata kama imebaki nusu saa adhana. Mjomba kashasema mwaka huu anafunga, kaambiwa aende kliniki kwanza, na mke wake kasema asipoenda mwenyewe atambeba kwa bodaboda.