Nilivyowapata waume wa kambini kwa kuhesabu mbalamwezi

Mimi ni mkunga kwenye zahanati ya kisiwa kimoja upande wa Ukerewe, Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Kwa miaka kadhaa kaswende ilinishinda huku naitazama. Dawa yake, penisilini, ni ya zamani kuliko mimi. Tatizo lilikuwa maji yaliyopo kati yetu na maabara. Tulikuwa tunachukua damu kwenye vichupa, tunasubiri boti ya kwenda Nansio, mji wa wilaya, na huko kipimo kinataka mashine ya kutikisa sampuli na umeme usiokatika. Majibu yakirudi, mama keshahamia kambi nyingine ya dagaa. Nilikuwa na daftari lenye majina ya akina mama ambao karatasi zao zilifika na wao sikuwaona tena.

Kwamba hilo si jambo dogo, Mwanza tunalijua kuliko wengi. Wapo wajawazito wa mkoa huu waliofuatiliwa na watafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kati ya wale ambao hawakupimwa wala kutibiwa, na damu yao ikaonekana na kaswende hai ya kiwango cha juu, asilimia 25 walizaa mtoto mfu. Katika utafiti huohuo, asilimia 51 ya watoto waliozaliwa wafu walihusishwa na kaswende ya mama.

Kwa hiyo vipimo vya haraka vilipotufikia nilifurahi kama mtu aliyeletewa maji nyumbani. Unatoboa kidole, unaweka kitone cha damu, unadondosha bafa, kile kimiminika kinachokuja na kipimo, unasubiri. Mstari mmoja, huna; miwili, unayo. Hakuna umeme, hakuna boti. Sasa tunavyo hata vile vya pamoja, kitone kimoja kinakupa VVU na kaswende. Mama akikutwa na kaswende anachomwa sindano kabla hajanyanyuka kwenda kwao.

Ila kipimo chepesi kina mitego yake. Siku moja foleni ilifika mpaka chini ya mwembe. Nimemwekea mama mmoja damu, mara naitwa leba. Narudi, saa nzima imepita, na mama amekaa vilevile anakitazama kipimo kama anayelinda chungu jikoni. “Sista, mbona ni miwili?” Kweli, mstari wa pili ulikuwepo, umefifia kama wino wa nguo iliyofuliwa. Kipimo kile kinasomwa kati ya dakika 15 na 20; kikipita hapo kinaweza kukuchorea mstari wa uongo. Nikarudia kwa kidole kingine, nikakaa naye mpaka mwisho. Mstari mmoja tu. Lakini hofu niliyompa saa ile haikufutika kwa kurudia. Tangu hapo naandika muda wa kuanza kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki yenyewe, na nikiitwa leba kipimo kinakabidhiwa mtu.

Sindano yenyewe ni chungu, sifichi. Uniti milioni 2.4, nusu tako hili, nusu tako lile, na dawa ni nzito. Wengine huuliza kama hakuna vidonge. Kwa mjamzito nawajibu hapana, kwa sababu penisilini ndiyo tunayoitegemea imfikie mtoto aliye tumboni. Kisha anakaa kwenye benchi nusu saa nimwangalie, adrenalini, dawa ya dharura, ikiwa karibu, maana wapo wachache ambao mwili huikataa dawa hii vibaya.

Kazi ngumu ikabaki moja: mume. Mama anatibiwa leo, mume hajatibiwa, mwezi ujao wanarudishiana, na mimba bado changa. Nilikuwa naandika barua za wito, nazikunja vizuri, nampa mama apeleke. Hazikuleta mtu. Mama mmoja alinirudishia barua yake ikiwa na magamba ya samaki: “Kaisoma, kaiweka mfukoni, kaenda ziwani.” Nikaamini kwamba wanaume wa kambini ni wakaidi. Hata kwenye kikao cha kijiji nilisema hivyo, kwa sauti.

Aliyenirekebisha ni mama mmoja muanika dagaa. Nilimpangia mumewe Alhamisi saa nne asubuhi. Akacheka kabisa. “Sista, hiyo ni giza. Saa nne huyo amelala kama maiti.”

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi. Giza likiwa zito wavuvi wako ziwani usiku kucha, mchana wanalala. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi inapandishwa, watu wanashona nyavu, wanakunywa chai, wanacheza bao. Nimeishi kisiwani miaka yote hiyo na kliniki yangu inafuata Jumanne na Alhamisi za mjini!

Nikachukua kalenda ya ukutani, nikazungushia duara siku za mwezi mpevu. Kisha nikamwendea kiongozi wa mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, mzee anayeheshimika. Nikamsalimia, nikamweleza bila kumtaja mtu: nataka kupima afya za wanaume siku za mbalamwezi, presha, VVU, kaswende, kila anayetaka. Akaniuliza swali moja tu, “Mtawatangaza?” Nikamwambia majibu yanaishia kwangu. Akakubali, na yeye akatangulia kupima.

Kupima wote kwa pamoja kulisaidia jambo ambalo sikulipanga. Mume hakuja tena kama mtuhumiwa aliyeitwa na mkewe. Na walipouliza nani kaleta, niliwaambia ukweli: kipimo hiki hakijui. Kinaona alama ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya ugonjwa, na alama hizo huweza kubaki maisha yote hata mtu akishapona. Anaweza kuwa aliupata kabla hawajajuana. Ndiyo maana tarehe ya matibabu naiandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, ili mimba ijayo mstari ukitokea tena nyumba isiwake moto. Pasipo na maabara ya kutofautisha, mjamzito huyo namchoma tena.

Hesabu ya mwezi ilinikwama mahali pamoja. Aliyekutwa na kaswende na hajui ameishi nayo tangu lini anahitaji sindano tatu, moja kila wiki. Ya kwanza inaangukia mbalamwezi. Ya pili mara nyingi inawahi. Ya tatu imeingia giza. Sasa siku hizo nafungua mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati mitumbwi inashusha dagaa, wanakuja na miguu yenye mchanga na macho mekundu, wanachomwa, wanasubiri nusu saa zao wakisinzia ukutani.

Wanaonipita bado ni wale wanaohama katikati ya dozi. Wiki iliyopita mmoja alinipigia simu akiwa kambi ya upande wa Musoma, amebakiza sindano moja. Nikamwambia aingie zahanati iliyo karibu naye na kadi yake mkononi, aonyeshe tarehe. “Kadi ninayo,” akasema, “ila nataka uongee nao wewe.” Akampa simu nesi wa huko, na nikaanza kumsomea.