Bloa ya betri na mzani wa kuning'iniza: hatimaye nimejua ilikuwa inakata pumzi kwa nini

Leo imefanya kazi. Saa nne asubuhi nimepuliza uwanja wote, pevu (matofali ya kutandaza chini) na kokoto, kwa betri moja, na bloa, yaani mashine ya kupulizia majani, haikulegea mpaka nilipoizima mwenyewe. Wiki tano nimekuwa nikiitafuta siku hii, kwa hiyo naandika kabla sijanawa mikono.

Uwanja wenyewe uko Kigamboni: mkungu mbele, mwembe nyuma, pevu kuanzia getini hadi barazani, na ukanda wa kokoto za nusu inchi unaozunguka nyumba ili maji ya paa yasichimbe msingi. Mwembe hausumbui sana. Mkungu ndio mtihani, maana haupukutishi kidogo kidogo. Majani yanageuka mekundu karibu yote kwa pamoja, kisha yanashuka kwa wiki mbili mfululizo. Jani lake ni pana kuliko kiganja changu na gumu kama ngozi, na likilala juu ya kokoto likapata umande linanata kama limepigwa gundi. Kwenye pevu fagio la chelewa halina mpinzani, na hilo nitalisema hata mbele ya wauza mashine. Kwenye kokoto fagio linakokota mawe pamoja na majani na njiti zinakatika, na reki inaacha mashimo. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta upepo.

Bloa ya kwanza niliinunua kwa kusoma boksi. Iliandikwa kilomita 288 kwa saa. Pembeni yake ilikuwepo nyingine, kubwa zaidi, ghali zaidi, imeandikwa 187. Nikachukua yenye namba kubwa, nadhani kama ambavyo wengi wangefanya. Nyumbani ikawa inatoboa rundo la majani badala ya kulisukuma. Ukiielekeza kwenye jani moja, linaruka hadi ukutani. Ukiielekeza kwenye rundo, inafungua kishimo chembamba katikati na majani ya pembeni yanabaki yanatazama.

Maelezo yalikuwepo kwenye boksi lile lile, kwa herufi ndogo: mita za ujazo 2.6 kwa dakika. Ile kubwa niliyoiacha ilikuwa 13. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2. Ukizidisha uzito wa hewa inayotoka kila sekunde kwa kasi yake, unapata msukumo. Ndogo: mita 80 kwa sekunde, hewa gramu 52 kwa sekunde, msukumo niutoni (kipimo cha nguvu ya kusukuma) 4 na kidogo. Kubwa: mita 52 kwa sekunde, hewa gramu 260 kwa sekunde, msukumo niutoni 13.5. Yenye kasi ndogo ina msukumo mara tatu ya mwenzake! Niutoni hazimo kwenye maboksi mengi yanayouzwa hapa, kwa hiyo inabidi ujipigie mwenyewe, na hesabu ni hiyo tu.

Nililelewa Newala, na nilipomaliza hesabu hiyo nilikumbuka mabomba ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Mtu anabeba injini ya petroli mgongoni, alfajiri upepo ukiwa umetulia, na vumbi la salfa linapanda mpaka kileleni mwa mkorosho kwenda kuua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mdomo wa lile bomba ni mpana. Hewa nyingi inayokwenda pamoja inafika mbali, na hewa nyembamba hata iwe kali vipi inafia njiani. Nimeliona jambo hili tangu utotoni na bado nilinunua kwa kilomita kwa saa.

Basi nikauza kitanda cha zamani na nikarudi kwa ile kubwa. Mota yake haina kaboni (zile brashi zinazolika), ni ya volti 18, na nilichukua mashine tupu bila betri kwa sababu betri nilishakuwa nayo ya 5.0Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba), niliyoinunua kwingine kwa bei nafuu ili niitumie na drili. Hapa ndipo mateso yalipoanza.

Ukiiwasha inanguruma vizuri na majani yanaondoka. Baada ya sekunde ishirini sauti inashuka. Baada ya arobaini inazima. Unaachia triga, unasubiri, unabonyeza tena, inakupa sekunde kumi, inazima. Uwanja wangu unataka dakika saba au nane. Kila Jumamosi nilikuwa namaliza kwa kuinama na kuokota majani kwa mkono kati ya kokoto, na nakiri nilikuwa na hasira ya kweli.

Masikio hayapimi, kwa hiyo nilitafuta namna ya kupata namba. Nina mzani wa kidijitali wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi ya safari. Nikafunga kamba kwenye tawi la mwembe, mzani ukaning'inia hapo, na bloa ikaning'inia chini ya mzani, mdomo ukitazama ardhini na wavu wa kuvutia hewa ukiwa juu bila kizuizi. Nikaweka kamba mbili nyembamba za pembeni ili isizunguke. Mashine hii ina kidude cha kuishikilia triga, kwa hiyo unaiwasha na kurudi nyuma. Hewa ikitoka kwenda chini, mashine inainuliwa juu na mzani unasoma pungufu. Pungufu hiyo ndiyo msukumo. Kijana wangu wa darasa la sita akawa anasoma namba, mimi naandika.

Ndogo ilipungua gramu 390. Kwa hesabu nilitarajia kama 425, maana niutoni moja ni kama gramu 102, kwa hiyo boksi lilikuwa halijadanganya sana. Kubwa ilipungua gramu 1,210 mara ilipowaka. Kisha kijana akaanza: "Baba, inashuka. Elfu moja na themanini. Mia tisa. Mia saba na..." na ikazima.

Sasa nilikuwa na namba, lakini sababu sikuwa nayo. Nilianza na wavu wa hewa, nikautoa na kuupiga brashi. Ulikuwa na nyuzi za nyasi. Haikubadilika hata gramu ishirini. Nikasafisha meno ya shaba yanayoshika betri, kwanza kwa spiriti, halafu kwa msasa laini sana. Vile vile. Nikashuku joto, maana mchana wa Januari hapa hauna huruma na kitabu cha maelekezo kinataka betri ichajiwe kati ya nyuzi 10 na 40. Nikaichaji usiku, nikaipima saa kumi na mbili asubuhi wakati ardhi bado ina ubaridi. Ilianza na 1,230, ikafa kwenye sekunde ya 44. Joto lilikuwa linachangia kidogo, lakini ugonjwa ulikuwa kwingine.

Nikampelekea fundi mmoja wa mashine. Aliiwasha mara moja, akaisikiliza inavyoshuka, akasema, "Mota imechoka hii, mzee." Mashine ya mwezi mmoja! Nilirudi nayo nyumbani bila kumwachia, na nashukuru nilifanya hivyo.

Jawabu lilitoka nyumba ya jirani. Kulikuwa na fundi wa jipsamu anafunga dari, na drili yake ni ya familia ile ile ya betri na mashine yangu. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, naomba uniazime betri yako dakika tano tu."

"Chukua mzee, ila usiimalize, bado nina chumba kizima."

Nikaiweka kwenye bloa iliyoning'inia. Mzani ukapungua gramu 1,290. Nikasubiri. Dakika moja, 1,280. Dakika mbili, 1,260. Dakika tatu, 1,240, na mchanga chini ya mwembe ulikuwa umeshachimbika shimo la kutosha ndoo. Nikazima ili nimrudishie mwenyewe betri yake. Kijana alikuwa anarukaruka. Mimi nilisimama tu nikaitazama ile betri.

Nilipoitoa kabla ya kumrudishia, nikahisi kitu mkononi. Ya fundi ilikuwa nzito. Nikaziweka zote mbili kwenye mzani ule ule ndani ya mfuko wa rambo, moja baada ya nyingine. Ya fundi: gramu 630. Yangu: gramu 365. Ukubwa wa boksi ni ule ule na maandishi ni yale yale, 18V 5.0Ah.

Usiku nikaifungua. Skrubu za nyota nne, kifuniko kikatoka, na ndani kulikuwa na mstari mmoja wa seli tano. Nusu ya chini ya boksi ni tupu kabisa. Seli zenyewe ni za kawaida, milimita 18 kwa 65. Nasisitiza kipimo hicho kwa sababu siku hizi zipo seli nene zaidi, za milimita 21 kwa 70, na tano za namna hiyo zinaweza kufikisha 4.0Ah au hata zaidi kihalali. Kwa seli hizi nyembamba, pakiti ya 5.0Ah inatakiwa iwe na kumi: jozi tano, kila seli 2.5Ah, jozi zikifuatana hadi volti 18.

Tatizo si ujazo peke yake. Nilibana klampu mita (kipima ampea) kwenye waya unaotoka kwenye betri nikiwa na betri nzuri, na kwa kasi ya juu bloa inavuta ampea 28 au 29. Kwenye pakiti ya seli kumi mzigo huo unagawanywa kwa seli mbili mbili, kila moja kama ampea 14. Kwenye yangu seli moja ilikuwa inabeba zote. Volti zinaporomoka chini ya mzigo, mashine inadhani betri imekwisha, inajizima. Ukipumzika volti zinapanda tena, inakupa sekunde kumi nyingine. Drili haikunionyesha hilo kwa sababu drili inavuta kwa sekunde mbili tatu halafu inapumzika. Bloa haipumzishi betri hata sekunde.

Aliyeniuzia anajua alichouza. Sitaandika duka. Naandika uzito: ukienda kununua betri ya volti 18 ya 5.0Ah, nenda na mzani mfukoni, na ukikuta ni nyepesi kama yangu, irudishe kwenye meza.

Nimenunua halali, na imeniuma mfukoni. Ina 90Wh (wati-saa, yaani volti 18 mara 5.0Ah), na kwa mzigo wa wati 520 hivi hesabu inatoa dakika kumi. Leo nimepata tisa na nusu, nyingi zikiwa kasi ya juu. Na kuhusu wanaobishana kwamba betri ya 20V ina nguvu kuliko ya 18V: ni seli tano zile zile. Mtengeneza mashine DeWalt huyo huyo anaandika 20V MAX Marekani na 18V Ulaya. Moja ni volti za betri iliyojaa kabla ya mzigo, nyingine ni za wastani ikiwa kazini. Kwa uwanja wa ukubwa wangu sioni haja ya 36V. Ningekuwa na robo eka ya nyasi ningewaza tofauti.

Kokoto zenyewe, ambazo ndizo zilizonileta huku, zilimalizika kwa urahisi hadi nikashangaa. Subiri umande ukauke, kasi ya kati, mdomo ulale karibu sawa na ardhi na uwe mita moja nyuma ya majani. Jani pana linashika upepo kama tanga, jiwe la nusu inchi linabaki chini. Ukiinua mdomo na kupuliza kwa juu, mawe yanaruka mpaka kwenye vioo vya madirisha.

Nilipanga leo nipime na nyasi pia. Sikuzifikia, kwa sababu nilipoinua macho niliona gata ya upande wa mwembe imejaa, na masika yako karibu, na simtanki letu la lita 2,000 linakunywa maji ya gata hiyo. Nilikuwa na bomba la PVC la inchi 3 lililobaki kwenye ujenzi. Linaingia kwenye mdomo wa bloa kubwa ukilifunga na mpira wa baiskeli. Nikaweka elbo mbili za nyuzi 45 juu badala ya moja ya 90, maana kona kali inaua upepo, nikasimama chini na kupuliza. Majani makavu yalitoka kama kuku waliofunguliwa bandani. Urefu wote wa gata ulisafishika, isipokuwa kona ya bomba la kushushia maji, ambako majani ya mwaka jana yameshakuwa tope. Hapo msukumo wote wa gramu 1,290 ulikuwa unapita juu tu.

Nikaenda kuchukua ile ndogo, ambayo ilikuwa imekaa stoo tangu siku ile ya kuipima kwa mzani. Ni kilo 1.9 pamoja na betri, unapanda nayo ngazi kwa mkono mmoja. Mdomo wake ni kama sentimita mbili na nusu, na mita 80 kwa sekunde zote zinatua mahali pamoja. Niliusogeza hadi karibu kugusa tope, nikabonyeza, na kipande cha kwanza kikabanduka na kuruka juu ya ukuta. Kwa dakika mbili kona ikaonyesha bati. Ukuta wa nyuma sasa una madoa meusi kuanzia dirisha la jikoni hadi kwenye bafu, na mke wangu ameshaniletea ndoo.